Ukucha usiouma, dawa ya dola 186: ninunue au niache?

*"Munganga, ninaandika kutoka Lubumbashi, hapa Katuba. Nina miaka 44, ninafanya kazi ya usekretari. Kucha za vidole gumba vya miguu yote miwili zimekuwa njano na nene, na chini yake zinapukutika kama unga wa bukari. Haziniumi hata kidogo. Mwaka jana niliandikiwa verni ya kucha, ile dawa ya maji inayopakwa kama rangi, chupa ndogo kuliko ya manukato, dola 38. Nikaipaka miezi miwili, sikuona kitu, nikaacha ikiwa nusu. Sasa munganga mwingine ameniandikia vidonge vya terbinafini, sanduku la vidonge 14 ni dola 31, na anasema ninywe miezi mitatu. Nilipiga hesabu nikakaa chini. Rafiki yangu ana vidonge vya ketokonazoli kwa bei ndogo sana, anasema ni kitu kimoja. Mwezi wa nane tunaoza mtoto wa dada yangu, kitambaa kimeshachaguliwa na tutavaa viatu vya wazi. Kwa nini kitu kidogo namna hii kiwe na bei ya namna hii? Na nikiacha tu bila dawa, nitapata shida gani?"*

Mama, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo watu wengi huona haya kuliuliza mbele ya daktari. Wawili waliokuandikia dawa waliutibu ugonjwa wako kama fangasi ya kucha. Kama huna kisukari, miguu yako inapata damu vizuri, na huna ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, basi ukiacha bila dawa yoyote, yaelekea hutapata shida kubwa zaidi ya hiyo unayoiona: ukucha mbaya. Unaweza kunenepa polepole ukabanwa na kiatu. Vidole vya jirani vinaweza kuambukizwa, na watu wa nyumbani pia. Lakini ugonjwa huu hauingii kwenye damu, hauli mfupa, wala haukupunguzii siku za kuishi. Kutotibu ni uamuzi halali kabisa. Nimewahi kuwaambia wagonjwa warudi nyumbani na makuta yao mfukoni, na wengine walinitazama kana kwamba nimewafukuza.

Hesabu yako ni sahihi. Terbinafini ya miligramu 250 hunywewa kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12 ukucha ukiwa wa mguu, na wiki 6 ukiwa wa mkono. Kwa hiyo wewe ni vidonge 84, masanduku 6, dola 186. Weka na zile 38 za verni. Hata mimi ningekaa chini.

Ila kabla ya bei, tuuangalie ukucha wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa utaendelea kununua na kuacha, kununua na kuacha. Ukucha unaoukata ni kitu kilichokufa, kama unywele au pembe ya mbuzi. Kilicho hai kiko nyuma, chini ya ngozi, pale ukucha unapozaliwa. Fangasi kwa kawaida huingia kwa mbele, chini ya ncha. Mara nyingi ni ile iitwayo Trichophyton rubrum, ile ile inayofanya ngozi katikati ya vidole vya miguu iwe nyeupe, ipasuke na kuwasha. Chakula chake ni keratini, yaani kile kitu chenyewe ambacho ukucha umetengenezwa nacho. Inakula ikirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mzizini. Ule unga wako wa bukari ni makombo ya mlo huo.

Sasa, hakuna dawa duniani inayotengeneza ukucha ulioharibika. Haipo. Kazi ya dawa ni kulinda ukucha mpya unaozaliwa nyuma usiliwe. Ule wa zamani unasukumwa mbele, unakutana na mkasi, unaisha. Na ukucha wa kidole gumba cha mguu hauna haraka: hutembea kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na huchukua miezi 12 hadi 18 kujibadilisha wote. Wa mkono huchukua karibu miezi 6. Ndiyo maana miezi yako miwili ya verni haikuwa jaribio hata kidogo. Milimita tatu! Hata kama dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri, usingeweza kuona kitu. Ni sawa na kupanda mhindi Jumatatu na kulaumu mbegu siku ya Ijumaa.

Simtetei aliyekuandikia, hata hivyo. Verni za namna hiyo, kama yenye amorolfini, zina nafasi yake: ugonjwa ukiwa mdogo, kwenye ncha, bila kufika mzizini, katika ukucha mmoja au miwili. Hupakwa mara moja au mbili kwa wiki, baada ya kusugua ukucha kwa tupa, na huendelea miezi 9 hadi 12 kwa mguu. Ukucha mnene unaopukutika ni ukuta. Verni hubaki nje inapiga hodi. Nadhani hukuambiwa muda huo wote siku ile uliponunua. Ungeambiwa, pengine ungeiacha chupa dukani.

Haya, bei. Watu wengi wanaamini dawa ya ghali ndiyo yenye nguvu, ya rahisi ni ya maskini. Katika ugonjwa huu mambo ni kinyume. Marekani, mwaka 2014, iliruhusiwa dawa mpya ya maji ya kupaka kwenye kucha, efinakonazoli, na kichupa kimoja kimekuwa kikiuzwa huko kwa mamia ya dola. Katika majaribio yake, baada ya wiki 48 za kupaka kila siku, watu waliopona kabisa walikuwa 15 hadi 18 katika kila 100. Terbinafini ya kumeza ni ya zamani zaidi, na nakala zake za bei ndogo, yaani dawa ile ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ziliruhusiwa Marekani tangu 2007. Majaribio yake ya kucha za miguu yalitoa karibu 38 katika 100 waliopona kabisa, na karibu 70 ambao fangasi haikuonekana tena laboratwari hata kama ukucha ulibaki na kasoro. Kwa hiyo munganga wako wa pili hakukosea dawa. Mimi ninagombana na sanduku tu.

Maana sanduku la dola 31, kwa bei hiyo, nadhani ni la jina la kampuni. Mwombe aandike kwenye ordonansi jina la dawa yenyewe, terbinafini 250, badala ya jina la biashara, kisha zunguka kwenye farmasi tatu au nne uulize bei ya nakala. Hakuna cha kuonea haya hapo. Katika soko la Kenya, hapo Lubumbashi, huwezi kununua kitenge bila kuuliza bei kwa mama wa pili. Angalia tu kwamba vidonge vimefungwa vizuri kwenye karatasi yao, jina la mtengenezaji na tarehe vinasomeka, na unanunua chini ya paa, si kwenye kikapu cha mtu anayezunguka na dawa juani. Dawa iliyochemka juani haina nakala wala asili.

Lakini usinunue bado. Kuna kitu ambacho katika barua yako yote sikukiona: hakuna aliyekata kipande cha ukucha wako akakitazama. Wawili wameandika dawa, na wote wawili walitumia macho tu. Kati ya kucha zinazoonekana kama zako, karibu nusu tu ndizo zenye fangasi kweli. Nyingine zimeumizwa na viatu, nyingine ni ugonjwa wa ngozi kama soriasi, nyingine ni uzee tu. Nami nina dhambi yangu hapa. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimwandikia fundi mmoja wa migodini miezi mitatu ya vidonge kwa kucha mbili nene za njano, bila kipimo, kwa sababu niliona nimeshaziona mia kama hizo. Alikunywa vyote, akalipa vyote. Aliporudi kucha zikiwa vile vile ndipo nilipomwambia avue bote zake pale pale chumbani. Zilikuwa ndogo kwa namba moja nzima. Kila hatua, kwa miaka, kidole gumba kiligonga chuma cha mbele. Fangasi haikuwepo.

Kipimo chenyewe ni cha zamani na hakihitaji mashine ya ajabu. Mtu wa laboratwari anakata sehemu iliyoharibika, halafu anakwangua unga wa chini yake, ndani kabisa, karibu na mpaka wa ukucha mzima, kwa sababu huko ndiko fangasi iliyo hai inakoishi. Kwenye ncha mara nyingi kuna maiti tu. Anauweka juu ya kioo, anadondosha tone la potasi, anasubiri keratini ilainike, kisha anatazama kwenye darubini. Fangasi ikiwepo, unaona nyuzi ndefu zinazogawanyika matawi, kama mizizi ya nyasi uliyoing'oa kwenye udongo mlaini. Kipimo hicho huwa kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na masanduku 6. Wakati mwingine kinakosa fangasi iliyopo, kwa hiyo jibu likiwa "hapana" na macho yanakataa, hurudiwa.

Kuhusu ketokonazoli ya rafiki yako, hapo sina lugha laini: vidonge hivyo usivinywe. Si kitu kimoja. Vinaweza kuharibu ini vibaya, na si kwa mtu aliyezidisha peke yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitumike tena kwa magonjwa ya fangasi, na mwaka huo huo ile ya Marekani ikasema visitumike kwa ngozi na kucha. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ya Marekani ikalazimika kurudia onyo, baada ya mgonjwa kufa kwa ini kushindwa kazi. Alikuwa ameandikiwa vidonge hivyo kwa ajili ya ukucha. Ninawaza mara nyingi juu ya mtu huyo: ukucha. Shampuu na krimu ya ketokonazoli ni habari nyingine, hizo hazina tatizo hilo. Lakini vidonge, mwambie rafiki yako avitoe kwenye meza yake.

Terbinafini nayo hupita kwenye ini, tusidanganyane, ila madhara makubwa ni nadra. Kabla ya kuanza, pimwa damu, vile vipimo vya ini ambavyo laboratwari zetu huandika SGOT na SGPT. Mwenye ugonjwa wa ini asiinywe. Mwenye mimba au anayenyonyesha asubiri, ukucha hauna dharura. Kama unakunywa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, sema, kwa sababu rifampisini huitoa terbinafini mwilini haraka na utakuwa unalipia hewa. Taja pia dawa zako nyingine zote, hasa za mfadhaiko na za moyo. Ukiwa unakunywa, ukiona mkojo umekuwa mweusi kama kokakola, macho ya njano, kichefuchefu kisichoisha, au mwili kuwashwa na vipele, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali. Watu wachache hupoteza ladha ya chakula kwa wiki kadhaa. Mgonjwa mmoja aliniambia sombe ilikuwa kama karatasi. Mara nyingi ladha hurudi baada ya kuacha dawa.

Zipo njia nyingine za kumeza. Itrakonazoli hunywewa wiki moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, lakini inagombana na dawa nyingi, na mwenye moyo uliochoka haimfai. Flukonazoli mara moja kwa wiki hupatikana kirahisi, ila ni ya miezi mingi na matokeo yake kwa mguu ni hafifu zaidi.

Na kwa asiye na makuta ya dawa hizo? Kuna kazi ya mikono ambayo inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, kausha, kisha sugua ukucha kwa tupa ya kucha mpaka upungue unene. Tupa hiyo iwe yako peke yako. Ukipata krimu ya urea ya asilimia 40, paka usiku juu ya ukucha tu, funika na plasta: inalainisha sehemu mbovu mpaka inakwanguka yenyewe. Haiui fangasi, ila inaondoa unene na ule unga, na kiatu kinaacha kubana. Halafu tazama katikati ya vidole. Ngozi ikiwa nyeupe na inawasha, hapo ndipo ghala la fangasi lilipo, na ghala hilo hutibiwa kwa krimu ya kawaida ya terbinafini kwa wiki moja, au klotrimazoli kwa wiki nne. Ukitibu ukucha ukaacha ghala, utarudi kwangu mwakani. Krimu hiyo iwe ya fangasi peke yake. Kuna tyubu zinazopendwa sana mjini zenye mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibiotiki na kotikosteroidi kali kama klobetasoli. Hizo hutuliza mwasho huku fangasi ikisambaa chini kwa chini, na ngozi inakuwa nyembamba.

Javeli ya kung'arisha nguo, mafuta ya taa, asidi ya betri: nimeona vidonda vya vyote vitatu. Siki na ndimu haziui mtu, ila sijaona zikiponya. Yale mafuta ya mentoli ya kujipaka kifuani mtoto akiwa na mafua, hayo yana kisa cha kuchekesha kidogo. Kuna utafiti wa 2011 uliowapa watu 18, wakapaka kwa wiki 48, na 5 wakapona. Watu 18 ni wachache mno, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini mgonjwa akiniambia, "Munganga, mimi nitapaka hayo tu," simgombezi. Anapoteza makuta kidogo na hadhuriki.

Sasa ndoa ya mwezi wa nane. Mama, hakuna dawa itakayokupa kucha nzuri kufikia siku hiyo, hata ungeanza leo na ile ya ghali kuliko zote. Anayekuahidi hivyo anataka pochi yako. Kwa siku hiyo, sugua ziwe nyembamba, zikate fupi, paka rangi, ucheze. Rangi ya kawaida haizuii vidonge kufanya kazi. Ni verni ya dawa ndiyo isiyopatana nayo vizuri. Jioni toa rangi, usiiache wiki nzima. Kucha za bandia za kubandika usiweke, kwa sababu unyevu hujifungia chini yake.

Yapo mambo ambayo yangenifanya nikuambie uache kusoma na uende kuonekana. Mwenye kisukari asikate wala asikwangue ukucha mnene peke yake, na asisubiri: kwake kidonda kidogo kinaweza kuwa kukatwa mguu. Ngozi ikivimba, ikiwa moto na kuuma, hayo si mambo ya krimu. Ukucha ulioanza kuwa mweupe kutoka nyuma, karibu na ngozi, badala ya kwenye ncha, huonekana zaidi kwa mwenye kinga ndogo, na mimi humshauri mtu huyo apime VVU. Na mstari mweusi. Sisi watu weusi wengi wetu tuna mistari myeusi kwenye kucha kadhaa, ni rangi yetu tu. Lakini mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au weusi unaomwagika mpaka kwenye ngozi ya pembeni, unaweza kuwa saratani. Ya mwimbaji Bob Marley iligunduliwa kwenye kidole chake cha mguu, chini ya ukucha, mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Kwa barua yako wewe huna mstari huo, ila mtazame na mume wako, na mama mzazi kama yupo.

Kwa hiyo, kama ningekuwa wewe: kipimo cha ukucha kwanza. Kikisema hakuna fangasi hata kikirudiwa, umeokoa dola 186 na tutazungumza kuhusu viatu. Kikisema ipo, na unataka kutibu, pima ini, tafuta nakala, umeze wiki 12 bila kuruka. Siku ya kwanza kwaruza alama ndogo kwa tupa pale ukucha mzima unapokutana na ulioharibika. Alama hiyo itatembea mbele pamoja na ukucha. Kama ubovu unabaki mbele yake, dawa inashinda. Ubovu ukivuka alama na kurudi nyuma, njoo. Wiki ya 12 ukucha bado utakuwa mbaya kwa mbele, usinunue masanduku mengine kwa hofu: terbinafini hubaki ndani ya ukucha miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ikiendelea na kazi bila bili.

Siku ya laboratwari, nenda bila rangi, na usikate kucha hizo wiki mbili kabla ili wapate cha kukwangua. Ile nusu chupa ya verni usiiguse mpaka jibu litoke, kwa sababu inaweza kuificha fangasi mbele ya darubini.